Jina Chini ya Kigoda

Mume wangu, Gerard Mielcarek, ametengeneza viti kwa miaka thelathini na miwili, na vyote, isipokuwa kimoja, vilitoka kiwandani bila jina lake. Naandika habari zake mimi kwa sababu mwenyewe hataandika. Hata kadi za sikukuu za majina, zile tunazopelekeana siku ya mtakatifu wa jina la kila mmoja inapofika, ni kazi yangu. Naandika, "Afya, furaha na miaka mia, wenu Lucyna na Gerard," naye anasimama nyuma yangu na kikombe cha chai, anasoma, anasema, "Vizuri," anaondoka. Sina hakika kama nitamweleza sawasawa, maana yaliyotokea mwaka huu mpaka leo sijayaelewa.

Hapa Bralin, kijiji chetu cha Poland, na kule Kępno, mji wa jirani, ukitupa jiwe litampata fundi wa sofa au mkewe. Malori yanatoka asubuhi na mapema, na samani zetu zinakwenda kukaliwa Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa, zikiwa na majina ya huko. Kiwandani Gerard ni namba arobaini na saba. Anachomaliza kinabandikwa karatasi yenye namba hiyo, na karatasi inabaki mpaka mwisho wa mstari wa kazi, ambako wanawake wanaibandua. Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake hao kwa miaka kumi na tisa, mpaka magoti yalipokataa. Seremala huchora kwenye mbao kwa penseli: mistari, mishale, misalaba, ili ajue mguu upi unaingia tundu lipi. Sisi wa mwisho tulikuwa na raba, msasa laini na kitambaa. Tulifuta. Kiti kilipotoka mikononi mwetu ungedhani kimeota chenyewe.

Kabla ya mwaka huu jina lake aliliandika mara moja tu. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, siku aliyozaliwa binti yetu Jagoda. Nilikuwa hospitali, yeye yuko kazini, na furaha ikampanda kichwani. Akageuza kiti akaandika chini yake kwa penseli: "Gerard Mielcarek, leo nimepata binti." Kiti kikapita bila kuonekana. Mkaguzi wa mnunuzi, huko kilikokwenda, akakigundua. Lori zima likarudishwa, na idara nzima ikaitwa Jumamosi bila malipo kugeuza viti mia mbili, kimoja kimoja, kutazama kama kuna maandishi mengine. Hayakuwepo. Mwaka mzima wenzake walimsalimu, "Habari za asubuhi, bwana mwandishi." Tangu hapo hakuandika kitu. Fomu za benki namjazia mimi, yeye anatia sahihi tu, mkunjo ambao hata benki hawausomi.

Jagoda alikua, akaenda Poznań kusomea ubunifu wa vitu. Miaka sita. Mwaka mmoja mzima alichora kijiko. Nilikuwa namuuliza kwenye simu, "Umekula? Na kijiko kimeendeleaje?" Ananijibu kwamba bado hakijamridhisha. Vijiko tunavyo droo nzima.

Sikukuu ya Watakatifu Wote alikuja nyumbani. Tulipotoka makaburini kuwasha mishumaa, nikaketi jikoni kumenya viazi, juu ya kigoda chetu kifupi, kile tunachokiita ryczka. Kila jiko la huku lina kimoja. Hicho alikitengeneza baba yake Gerard kwa kipande cha mwaloni kilichobaki.

"Mama, simama kidogo," Jagoda akasema.

Nikasimama, kisu mkono huu, kiazi mkono huu. Akakipindua kigoda juu chini mezani, karibu na bakuli la jibini, akakitazama kwa muda mrefu kama daktari anayetazama tumbo la mtu.

"Hizi alama ni za babu?"

"Uchafu wa penseli. Hakuna aliyejali kuufuta."

"Baba," akaita, "unaweza kunitengenezea kama hiki? Bila skrubu, bila gundi, kabari tu?"

Gerard akaja, akakitazama. "Naweza. Cha nini? Hiki si kizima?"

Mwezi wa kwanza tukaambiwa kwamba kigoda ambacho hakijatengenezwa kimechaguliwa kwa mchoro wake tu. Kwamba kutakuwa na maonyesho Milano, Italia, mwezi wa nne, samani na vyombo vya wabunifu wa Poland wa siku hizi, na cha binti yetu kitakuwamo. Nilifurahi kwa sababu yeye alifurahi. Wifi yangu Urszula, dada yake Gerard, alipita siku hiyo kuleta mayai, akasikia, akavua miwani.

"Yaani kasomeshwa miaka sita aje achore kigoda cha jikoni? Mimi ninavyo viwili, kimoja kuku wanatagia. Nivifungashe?"

"Hicho ni tofauti, wifi."

"Tofauti kwa lipi?"

Nilisema Jagoda anajua.

Gerard alikitengeneza siku za Jumamosi, katika kibanda nyuma ya nyumba. Jagoda alikuwa anakuja kwa treni, wanajifungia wawili. Nilikuwa nawapelekea chai nikiwasikia wanabishana, nikigonga wananyamaza. Siku moja ya mwezi wa pili nilichungulia dirishani. Kigoda kilikuwa kimepinduliwa, Jagoda anakipiga picha huko chini, kwa karibu sana, na Gerard amesimama pembeni, masikio mekundu. Nikajua kuna ufa. Mwaloni ukikauka vibaya unapasuka kuanzia chini, na mtu anayekipiga picha kitako cha kigoda anatafuta ufa. Sikuuliza. Nilingoja waniambie, nao hawakuniambia, nikazidi kuamini.

Mwisho wa mwezi wa tatu Jagoda akapiga simu. "Mama, wewe ndiye unayejua kufunga mizigo. Nifungie kigoda kesho Ijumaa. Jumamosi nakuja kuongeza vifaa vyangu, gari linakichukua saa tisa alasiri."

"Kiko salama?"

"Kiko salama sana."

Ijumaa Gerard akiwa kiwandani nikaenda kibandani na plastiki ya vipovu na maboksi. Kigoda kilikuwa kizuri, siwezi kukataa. Juu kilikuwa laini kama shavu la mtoto. Nikakipindua kutafuta ufa. Ufa haukuwepo. Kulikuwa na penseli. Mishale, mistari miwili miwili, msalaba kwenye kila tundu, na katikati, kwa herufi ambazo sikuwa nimeziona kwa karibu miaka thelathini: "Gerard Mielcarek, Bralin."

Niliketi juu ya gogo. Nikasema moyoni, amerudia. Kapandwa na furaha ile ile, karudia, na safari hii haaibiki peke yake, anamwaibisha mtoto, mbele ya wageni, Milano. Niliona kabisa mkaguzi anakigeuza. Niliona Jagoda anaitwa pembeni.

Raba yangu ya kazi bado ninayo, iko mfukoni mwa aproni mpaka leo. Nilianza na mishale, nikaja kwenye mistari, mwisho jina. Penseli ilikuwa imekandamizwa, ikabidi nitumie msasa laini, taratibu, nikifuata mshipa wa mbao. Nilifanya kazi kama dakika arobaini. Nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikakisogeza kwenye mwanga, kila upande. Hakuna kitu. Sijawahi kusafisha mbao vizuri kiasi kile. Nikakifunga tabaka tatu. Jioni Gerard aliporudi sikumwambia, nisije nikamtia haya. Nilimpa viazi na jibini, akala, nikaona nimemwokoa.

Jumamosi Jagoda alifika adhuhuri na mfuko wa nyaya nyembamba za chuma na vikulabu. Akavua viatu, akavaa ndara za wageni, akaweka boksi sakafuni jikoni, akaanza kufungua. Nilimwambia nimekifunga vizuri, ana haja gani ya kukifungua. Akasema lazima apime nyaya, kwa sababu kitaning'inizwa.

"Kitaning'inizwa? Kigoda?"

"Juu chini, Mama. Usawa wa macho. Watu watazame huku."

Akakipindua. Akapitisha kiganja, akakiinua dirishani, akakirudisha. Alikuwa anafanya vile vile nilivyofanya mimi jana.

"Mama, hiki ni kile kile?"

"Kile kile. Nimekisafisha."

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Alitoa mfukoni kitabu cha maonyesho, cha karatasi nene, akakifungua katikati, akakiweka magotini mwangu. Ukurasa mzima ulikuwa kile kitako cha kigoda, mishale, misalaba na jina, kubwa kuliko lilivyokuwa. Chini yake waliandika maneno machache. Nikasoma jina la binti yangu, na baada yake: "Kimetengenezwa na Gerard Mielcarek."

"Kimeshachapwa," Jagoda akasema. "Watu watashika hiki kitabu mkononi, watatazama juu, hawataona kitu."

"Lakini kwa nini wasitazame upande mzuri? Baba yako kaupiga msasa mara nne."

"Upande mzuri wa viti vya Baba wameukalia miaka yote, Mama. Viko nyumbani kwao. Hakuna anayejua nani kavitengeneza. Nilitaka kimoja tu. Kimoja kiende na jina."

Nilitazama picha, nikatazama kigoda. Nilisikia maneno na kila neno nalijua. Nilichoshindwa ni kuyaunganisha. Mimi nilifundishwa kwamba alama ni kosa. Nililipwa kwa kuziondoa. Sasa mtoto wangu ananiambia kosa ndilo lililokuwa linasafiri, na mimi nimefungasha kilichobaki.

"Mngeniambia," nikasema.

"Baba alikataa. Alisema utahangaika."

Gerard akaingia kutoka uani, vumbi la mbao nyusini. Akatutazama mimi na kitabu, Jagoda na kigoda.

"Nani?"

"Mimi," nikasema.

Akainama, akapitisha dole gumba pale jina lilipokuwa. "Umesafisha vizuri," akasema. Hakuwa ananikejeli. Ndivyo anavyosema kazi inapokuwa nzuri. Ndilo neno lililoniuma kuliko yote.

Saa nane na robo. Jagoda akamtolea penseli yake bapa ya useremala, iliyokuwa juu ya friji. "Baba, ziandike tena. Alama zote, kama kwenye picha."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Alama ni za kutengenezea. Kigoda kimeshatengenezwa. Nikichora mshale sasa utakuwa unaelekeza nini? Nitakuwa naongopa."

"Basi jina. Jina si la kutengenezea."

Akashika penseli. Mara ya kwanza, Jagoda aliniambia baadaye, alimsimamia nusu siku nzima kibandani, akimbembeleza, mpaka akaandika. Safari hii nusu siku haikuwepo. Simu ikalia, dereva kapotea njia huko kanisani, Jagoda akatoka mpaka getini kumwelekeza. Nikabaki mimi na mume wangu na kigoda.

Nilikuwa nataka kumwomba radhi na sikujua namwomba kwa lipi. Kwa kufuta? Hiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa kutouliza? Hata yeye hakusema. Nilimtazama mkono. Ulikaa juu ya mbao muda mrefu bila kusogea, halafu ukaandika haraka, mara mbili, kama anayesaini pakiti ya posta. Akaweka penseli.

Jagoda akarudi. "Baba, hii nini?"

Katikati ya mbao, pale pale, kulikuwa na namba. Nne na saba, na kale kamstari tunakokatisha kiunoni mwa saba.

"Mimi," Gerard akasema.

"Jina, Baba."

"Jina nimeliandika mara mbili maishani, na mara mbili limefutwa. Hiyo namba imekulisha, imekusomesha Poznań, na haijamwaibisha mtu."

"Hakuna atakayejua ni nani."

"Hata jina hawalijui, binti yangu. Wanamjua nani anayeitwa Mielcarek huko Milano?"

Honi ikalia nje. Jagoda akakaa sakafuni, mgongo kwenye friji, akafunika uso. Nilimwona hivyo mara ya mwisho akiwa na miaka saba, paka wetu alipogongwa. Miezi mitano alikuwa ananieleza habari za kigoda kwa simu, na mimi namuuliza kama amekula.

Nikaichukua penseli. Nilimtazama Gerard, nikamtazama Jagoda, kwa sababu sikujua kigoda ni cha nani na ruhusa iombwe wapi.

"Niandike mimi?"

Jagoda akamtazama baba yake. Gerard akaivuta ndara yake kwa kidole cha mguu, akaivaa sawa.

"Kadi zote si huwa anaandika yeye," akasema.

Nikapiga magoti, yale magoti yangu. Nikaandika kando ya namba, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, wa mviringo, kama ninavyoandika kwenye kadi: Gerard Mielcarek, Bralin. Herufi ya kwanza ilitoka kubwa mno na za mwisho zikabanana. Mwandiko haukufanana na ule wa kitabuni hata kidogo.

"Sasa huu si uongo?" nikauliza.

"Sijui, Mama," Jagoda akasema. Alikuwa ameinuka, anafungia vikulabu, anafuta pua kwa mkono wa sweta. "Sijui kabisa. Leta plastiki."

Gari likaondoka saa tisa na dakika ishirini. Usiku huo, na siku nyingi zilizofuata, nilijiambia ningeacha tu namba. Halafu najiambia ningeacha tu penseli ya kwanza. Halafu nakumbuka kwamba kama ningekuwa mtu wa kuacha penseli nisingedumu kazini wiki moja.

Mwezi wa nne, Jumamosi, Jagoda akatupigia simu ya video kutoka kwenye maonyesho. Urszula alikuwapo, kaleta keki ya hamira. Tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Ukumbi ulikuwa mweupe, mkubwa kama kanisa lililohamishwa viti, na katikati kigoda cha jikoni kinaning'inia kwenye nyaya, miguu juu, kama kuku aliyenyonyolewa. Niliogopa waya usikatike. Watu wamevaa vizuri, wanapita, wanainua shingo, wanasoma kitako.

"Wanatazama nini?" Urszula akauliza.

"Kaka yako," nikasema.

Gerard akaja, akasimama nyuma yetu bila miwani.

Jagoda akatuonyesha bwana mmoja mzee mwenye kitambaa cha shingoni, kashika kitabu, anatazama ukurasa, anatazama kigoda, anatazama tena ukurasa. Akamgeukia Jagoda na kumwuliza kitu. Wakazungumza. Jagoda akarudi kwenye simu.

"Ameuliza kwa nini kwenye picha kuna mishale na hapa kuna namba na mwandiko mwingine."

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mama yangu alifanya kazi miaka kumi na tisa akifuta penseli, na alikifuta. Na namba ni Baba, na jina ni mkono wako."

"Umeiambia Milano nzima."

"Huyo mmoja tu. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akapiga picha mbili."

"Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Sijui, Mama. Ila ona, anarudi na mke wake."

Urszula akajikatia kipande kingine cha keki. "Hongera, wifi. Kaka yangu kajulikana ng'ambo kwa kutengeneza, na wewe umejulikana kwa kufuta. Familia nzima ya wasanii."

Gerard alisogea karibu na simu, akaiinamia, akatazama kule juu ya vichwa vya watu. Nilidhani anatafuta jina. "Kabari ya mguu wa kushoto imekaa," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi nayo." Akarudi uani.

Kigoda kilirudi mwezi wa tisa. Jagoda alikiacha jikoni, akasema kikae huku kwanza. Siku tatu nilikizunguka nisijue kama kinakaliwa. Ya nne Gerard alikikalia kufunga kamba za viatu, basi nami nikakikalia. Nikipangusa vumbi, mkono unapofika chini nausimamisha, kisha natoa kitambaa.

Mwezi wa kumi ilikuja sikukuu ya jina la Urszula. Nikaketi kuandika kadi kama kawaida, afya, furaha, miaka mia, wenu Lucyna na. Gerard akawa nyuma yangu na chai. Akaweka kikombe mezani, akanyoosha mkono, nikampa kalamu. Aliinama muda mrefu. Akaandika arobaini na saba.

Nilingoja kama ataendelea. Hakuendelea. Nikatia kadi kwenye bahasha ilivyo, sikuongeza neno.

Siku ya pili Urszula akapiga simu. "Wifi, asante kwa kadi. Hii arobaini na saba ni miaka ya nani? Mimi ninayo sitini na moja."

"Soma vizuri," nikamwambia. "Kaka yako ametia sahihi."